Mazoezi ya briji kwa washirika wawili, mmoja Kisumu na mwingine Nakuru

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Tuko wanne tunaocheza briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, kila Jumamosi alasiri, na sasa ni karibu miaka miwili. Mwenzangu wa mezani alihamishiwa kazi Nakuru. Huja mara moja au mbili kwa mwezi, na siku nyingine jirani hukalia kiti chake. Sheria tunazijua. Lakini makosa ni yale yale: ama tunasimama chini palipokuwa na gemu, ama tunapanda na kuanguka. Nami nikishika kandarasi, nakumbuka nilichopaswa kufanya nikiwa tayari pigo la sita. Tufanye mazoezi gani ili maamuzi yenyewe yaboreke, siyo kuongeza tu idadi ya mikono tuliyocheza?"

Mwalimu, hayo maneno yako ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Mikono ishirini ya Jumamosi haikupi maamuzi ishirini ya maana. Mingi hujicheza yenyewe: pointi zipo au hazipo, na yeyote angefika pale pale. Uamuzi wa kweli hutokea mara moja au mbili, hupita kwa sekunde kumi, kisha kadi zinachanganywa na ushahidi unapotea. Hivyo ndivyo miaka miwili hupita makosa yakibaki yale yale. Mazoezi yenu yalenge kuukamata uamuzi huo, kuuandika kabla hamjajua umezaa nini, na kukutana nao tena kwa sura nyingine.

Tukubaliane maneno kwanza. Shupaza ni zile nyeusi zenye umbo kama jembe, kopa ni moyo, uru ni almasi nyekundu, pau ni ua jeusi. Herufi nitaziacha kama zilivyochapishwa kwenye kadi: A ni ree, K mfalme, Q malkia, J ghulamu. Thamani zake ni 4, 3, 2 na 1, jumla pointi 40 kwa pakiti nzima. Pigo ni kadi nne za zamu moja. Bubu ni mkono unaolazwa mezani. Kandarasi ni dau la mwisho la mnada, yaani ahadi ya mapigo: dau la moja ni mapigo saba, la mbili nane, na kuendelea. Turufu ni jamii (moja ya zile aina nne) iliyotajwa katika dau hilo, nayo hushinda nyingine; bila turufu ni dau lisilo na jamii hiyo. Gemu ni kandarasi kubwa ya kutosha kuleta bonasi, kama tatu bila turufu au nne shupaza, na slamu ni ya mapigo 12 au 13. Kuwa hatarini ni kuwa katika zamu ambayo bonasi na adhabu ni kubwa zaidi.

Nunua daftari la kawaida la shule na uligawe safu tano: mkono wangu na mnada ulivyokwenda hadi hapo, nilichochagua, nilichokiacha, yaani chaguo la pili, sababu, kwa sentensi moja, na hukumu. Safu nne za kwanza zijazwe kabla kadi hazijafunuliwa. Mezani si rahisi kuandika yote, kwa hiyo andika alama mbili tatu tu za kukumbusha na ukamilishe usiku huo huo. Safu ya "nilichokiacha" usiiruke kamwe. Ikiwa hukuwa na chaguo la pili, huo haukuwa uamuzi na hauna nafasi katika daftari.

Safu ya hukumu ndiyo ngumu, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mmepanda hadi nne shupaza, mfalme wa turufu amekaa upande mbaya, mmeanguka kwa pigo moja, na mtu mezani anasema mlipanda mno. Huenda hamkupanda mno. Chukua mkono utakaoleta ama mapigo 10 ama 9, mkihesabu alama kila mkono kivyake kama inavyofanywa mashindanoni. Mkiwa hatarini, nne shupaza ikitimia mnapata 620. Kama mngesimama kwa mbili na kuchukua mapigo hayo hayo 10, mngepata 170. Tofauti ni 450. Ikianguka kwa moja mnatoa 100, ilhali aliyesimama kwa mbili na kupata 9 ana 140. Tofauti ni 240. Mnaweka 240 kutafuta 450, kwa hiyo gemu hiyo inalipa hata ikiwa na nafasi 35 kwa 100. Msipokuwa hatarini tofauti ni 250 kwa 190, na mnahitaji nafasi kama 43 kwa 100. Ni pale tu mnapocheza mashindano ambayo alama yenu hutokana na kuzishinda meza nyingine, bila kujali kwa kiasi gani, ndipo kipimo hukaribia nusu kwa nusu.

Sasa andika hukumu kwa kipimo hicho. Gemu iliyotegemea finesi moja tu (kumpenyeza malkia ukiomba mfalme awe upande unaotaka) ina nafasi 50 kwa 100. Mkiwa hatarini na ikaanguka, andika "sahihi" na msonge mbele. Gemu iliyotegemea kadi sita zilizokosekana (zilizo kwa wapinzani) kugawanyika tatu kwa tatu ina nafasi 36 tu. Kama hamkuwa hatarini na ikatimia, andika "kosa", hata kama mlishangilia. Inauma kuliandika neno hilo juu ya mkono ulioleta alama, lakini bila hilo daftari litakufundisha bahati tu.

Ili kuhukumu hivyo unahitaji namba chache kichwani. Kadi tatu zikikosekana, hugawanyika 2-1 mara 78 kwa 100. Kadi nne: 3-1 mara 50, 2-2 mara 41, 4-0 karibu mara 10. Kadi tano: 3-2 mara 68, 4-1 mara 28, 5-0 mara 4. Kadi sita: 4-2 mara 48, 3-3 mara 36, 5-1 mara 15. Kadi saba: 4-3 mara 62, 5-2 mara 31. Ukiziangalia utaona mwelekeo wake: zinazokosekana zikiwa witiri hupenda kugawanyika karibu sawasawa, zikiwa shufwa, kama nne au sita, hupenda kuegemea upande mmoja. Hilo peke yake litakuzuia kuomba 3-3 kila siku.

Mnada ndio unaoweza kufanyiwa mazoezi vizuri zaidi mkiwa mbali, kwa sababu unahitaji watu wawili na mikono miwili tu, wapinzani hawahitajiki. Tatizo ni nani agawe. Ukigawa mwenyewe na kumpigia picha mwenzako, umeshaona mikono yote miwili na zoezi limekufa. Mwombe mmoja wa wale wawili mliobaki nao Kisumu agawe mikono sita, aandike kwa namba, akutumie wako na amtumie wa Nakuru wake. Kisha mnanadi kwa ujumbe mfupi, dau moja kwa ujumbe mmoja. Msitumie sauti, wala alama za uso, wala neno "ngoja". Kusitasita kwa sauti ni habari, na mezani mwenzako haruhusiwi kuitumia. Mkiizoea kwenye simu mtaibeba hadi mezani. Dakika ishirini zinatosha mikono sita. Mara mbili kwa wiki ni nyingi ya kutosha.

Kugawa pakiti nzima kutawachosha. Kwa wastani nyinyi wawili mtapata pointi 20, na nusu ya mikono itakuwa pasi au dau dogo lisilofundisha kitu. Mgawaji aondoe kwanza kadi zote za 2, 3 na 4. Zinabaki 40, na pointi zote 40 zimo bado. Mikono yenu miwili inachukua kadi 26, hivyo wastani wenu unakuwa pointi 26, mpakani kabisa mwa gemu. Urefu wa jamii hauharibiki kwa wastani: bado mtakuwa na kadi sita na nusu kwa kila jamii, sawa na pakiti nzima. Akiondoa 2 na 3 pekee, wastani ni kama 23 na nusu, na huo ndio uwanja wa mialiko, pale mmoja anapouliza "una cha juu?" na mwingine anajibu. Akiondoa 2 hadi 5, wastani ni karibu 29.

Asiende mbali zaidi ya hapo. Ukiondoa 2 hadi 6 unapata wastani wa pointi 32 na nusu na unadhani umepata zoezi la slamu, lakini kila jamii imebaki na kadi nane tu. Maana yake hamtapata kamwe turufu tisa kati yenu, na ni nadra mmoja wenu kuwa na jamii ndefu inayobeba mkono. Slamu nyingi nzuri hutoka kwa turufu tisa au kumi na upungufu wa kadi mahali pengine. Kwa slamu ni afadhali atumie pakiti ya kadi 36 na atupe mikono ambayo jumla yenu haifiki 30. Na kwa pakiti yoyote iliyopunguzwa, kadi ya 5 au 6 ihesabiwe kama kadi ndogo. Msiipe thamani kwa kuwa eti chini yake hakuna kitu.

Mnada ukiisha, tumianeni mikono. Usianze kwa kuuliza nani amekosa. Jibuni kwanza: kandarasi tuliyofikia inahitaji nini ili itimie? Finesi moja? Mgawanyiko wa 3-2? Vyote viwili? Kama ni vyote viwili, zidisha: 50 kwa 100 ya 68 kwa 100 ni 34. Kisha tafuteni dau ambalo lilifunga mlango, yaani lile ambalo baada yake hakuna aliyeweza tena kufika mahali pazuri. Mara nyingi si dau la mwisho. Ni la pili au la tatu, pale mmoja alipokimbilia bila turufu akiwa na kadi nne za kopa ambazo hakuzitaja.

Chukua mfano wa mwaliko, kwa kuwa umesema hapo ndipo mnapoumia. Umefungua bila turufu moja, kwa makubaliano ya pointi 15 hadi 17. Mwenzako amesema mbili bila turufu, yaani ana 8 au 9. Una 16, katikati kabisa. Linganisha mikono hii miwili.

Wa kwanza: shupaza K Q, kopa A J 5, uru K J 4 2, pau Q 6 5 3.

Wa pili: shupaza A 10 9, kopa K Q 10, uru A Q 10 9 8, pau J 5.

Yote miwili ina 16. Katika wa kwanza, K na Q za shupaza ziko peke yake. Zitaangukiana na kuleta pigo moja au mawili bila kadi ndogo ya kusaidia. Hakuna hata 10 moja. Jamii zake za kadi nne zina matundu, na kila moja itahitaji kazi ili ilete pigo la ziada. Wa pili una jamii ya kadi tano yenye 10, 9 na 8 nyuma ya A Q. Hata finesi ikishindwa, mapigo manne ya uru yanaonekana. Shupaza na kopa nazo zina 10. Mkono wa pili unakubali mwaliko bila kufikiri. Wa kwanza unasema pasi msipokuwa hatarini; mkiwa hatarini, kwa hesabu ya 35 kwa 100 niliyoieleza, ningeusukuma gemu, lakini nikijua kwamba nimefika ukingoni. Mkifanya mifano kumi ya namna hii, mikono miwili yenye pointi sawa, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kuona la mwenzake, mtagundua kwamba shida yenu ilikuwa kuhesabu pointi na kuishia hapo.

Lipo jambo jingine ambalo ningewaomba mlichunguze kabla ya zoezi lolote, kwa sababu huenda ndilo linaloharibu nusu ya minada yenu. Wengi wetu Kenya tumejifunza kwa vitabu vya Uingereza vya mfumo wa Acol, ambamo bila turufu moja ni pointi 12 hadi 14 na unaweza kufungua kopa au shupaza ukiwa na kadi nne. Programu nyingi za simu zinafuata mtindo wa Marekani: 15 hadi 17, na kopa au shupaza hufunguliwa kwa kadi tano. Mmoja akifanya mazoezi kwa kitabu na mwingine kwa simu, mwaliko unabadilika maana. Juu ya 12 hadi 14, anayealika ana 11 au 12. Juu ya 15 hadi 17, ana 8 au 9. Anayechanganya hapo hukosea kwa pointi tatu, na pointi tatu ndizo tofauti kati ya gemu na kusimama. Chagueni mmoja. Andikeni kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja awe na nakala: kiwango cha bila turufu moja, kadi ngapi kwa kopa na shupaza, dabo ina maana gani mpinzani akifungua, na dau gani la mwenzako haliruhusu pasi. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa na ndilo linalogharimu zaidi.

Wapinzani wakiingilia mnada, tumieni kanuni iliyotokana na kazi ya Mfaransa Jean-René Vernes: hesabuni turufu zenu nyinyi wawili. Mkiwa na nane, mnaweza kushindana hadi ngazi ya pili. Tisa, ngazi ya tatu. Haisemi ukweli kila mara, hasa pointi zikiwa zimetawanyika katika jamii fupi, lakini itawazuia kupanda hadi tatu kopa mkiwa na turufu nane kwa sababu tu ya hasira.

Sasa uchezaji. Umesema unakumbuka jambo ukiwa pigo la sita. Hiyo ni kwa sababu pigo la kwanza ulilicheza bila mpango. Dawa yake ni sheria moja isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: bubu akilazwa, viganja vyako vyote viwili vinakaa mezani hadi umejibu maswali matatu. Nina mapigo mangapi ya hakika? Nahitaji mangapi zaidi? Yatatoka wapi, na kwa mpangilio gani? Hilo neno mpangilio ndilo lenye pesa.

Uko Kusini. Umefungua bila turufu moja, mwenzako amepanda hadi tatu bila turufu. Magharibi anaongoza, yaani anatoa kadi ya kwanza: K ya shupaza.

Bubu: shupaza 8 5 2, kopa Q 7 3, uru 8 6 4, pau A K Q 6.

Wewe: shupaza A 6 4, kopa A K 5, uru A Q 5 3, pau 7 4 3.

Mapigo ya hakika: shupaza moja, kopa tatu, uru moja, pau tatu. Nane. Unahitaji moja. Linaweza kutoka pau zikigawanyika 3-3, au kwa finesi ya uru Mashariki akiwa na K. Anayekimbilia finesi kwanza ana 50 kwa 100, na ikishindwa Magharibi anaanza kuvuna shupaza. Pau zitamsaidia pale tu shupaza zilipogawanyika 4-3. Anayeanza na A K Q za pau anaona kwanza kama zimegawanyika 3-3. Zikigawanyika, ana tisa na finesi haigusi. Zisipogawanyika, yuko kwa bubu tayari, na anaongoza uru kuelekea A Q. Ana 36, kisha nusu ya 64 iliyobaki: jumla takriban 68 kwa 100. Kadi ni zile zile. Kilichobadilika ni kutumia kwanza nafasi ambayo ikishindwa bado hujampa mpinzani zamu.

Na A ya shupaza uchukue lini? Hapa ndipo aliyekariri kanuni anapoteleza. Wengi wamefundishwa kuzuia A, yaani kuwaachia wapinzani pigo la kwanza au la pili ili mmoja wao aishiwe na jamii hiyo. Kanuni ya saba inasema toa idadi ya kadi zako na za bubu katika jamii hiyo kutoka 7, ndiyo mara za kuzuia. Hapa 7 toa 6 ni mara moja. Lakini jiulize kuzuia kunanunua nini. Kunafaa pale utakapolazimika kupoteza zamu na bado utimize. Katika mkono huu, finesi ikipotea tayari huna pigo la tisa; mawasiliano ya wapinzani hayana tena maana. Kuzuia hapa hakununui kitu. Chukua A mara moja.

Linganisha na huu, kandarasi ikiwa ile ile: shupaza zako ni A 7 3, za bubu 6 4. Uru za bubu ni A J 10 9 4, zako Q 6 2. Mbali na hapo una A na K za kopa, A na K za pau. Magharibi ameongoza shupaza. Una mapigo manne nje ya uru na A ya shupaza ni la tano. Uru zitaleta manne hata finesi ikishindwa, jumla tisa. Hapa lazima upoteze zamu ikiwa Mashariki ana K ya uru. Kanuni inasema 7 toa 5, zuia mara mbili. Ukichukua A mara ya tatu, na shupaza zimegawanyika 5-3, Mashariki hana tena ya kurudisha. Zikiwa 4-4 anayo moja, lakini mnapoteza shupaza tatu na uru moja tu, na tisa zinabaki zenu. Anayechukua A mwanzoni anaanguka kila mara shupaza zikiwa 5-3 na K ya uru iko Mashariki. Fanya mikono hii miwili bega kwa bega, siku moja. Kanuni ikifundishwa peke yake huzaa makosa. Ikiwekwa kando ya mkono unaoikataa, inaeleweka.

Zoezi la kufanya peke yako jioni, hata stima ikipotea na simu haina moto, ni hili. Panga mkono wa kwanza hapo juu kwa kadi halisi, bubu na wewe wazi. Andika mpango wako. Kadi 26 zilizobaki ni za wapinzani. Magharibi ameongoza K kutoka K Q J, kwa hiyo mpe hizo tatu. Changanya 23 zilizobaki, mpe Magharibi kumi na Mashariki kumi na tatu. Funua zote, tembeza mpango wako hadi mwisho, andika umetimiza au umeanguka. Kusanya zile 23, changanya, gawa tena. Mara kumi. Kila mgao ujaribu mipango miwili: ule uliouchagua na ule uliouacha. Mara kumi ni chache mno kuthibitisha asilimia, kwa hiyo usishangae ukipata nne au tisa. Kazi yake ni kukuonyesha kila mpango unavunjikia wapi. Ukishaona mara tatu finesi ya mapema ikikunyima nafasi ya pau, mkono wako utasita wenyewe Jumamosi. Kosa la kawaida katika zoezi hili ni kusahau kumpa Magharibi kadi zinazoendana na alichoongoza. Ukimnyima Q na J, unafanya mazoezi ya mchezo usiokuwepo.

Simu ina nafasi yake. Bridge Base Online, inayojulikana kama BBO, inakuwezesha kucheza na roboti bila kumngoja mtu, na ukigusa dau la roboti unasoma maana yake. Jihadhari na mambo mawili. Ule mtindo unaokupa wewe mkono wenye pointi nyingi zaidi kila mara hukuzoesha kushika kandarasi. Hutajifunza utetezi, na utaanza kupanda mno ukirudi kwenye kadi za kawaida. Pili, baada ya mkono programu huweza kukuambia mapigo mangapi yangewezekana. Hesabu hiyo imefanywa kwa kuona kadi zote 52. Ikisema nne kopa ilikuwa inatimia, labda ni kwa kuangusha K iliyokuwa peke yake, jambo ambalo mchezaji mwenye akili hapaswi kulifanya. Usiandike "kosa" katika daftari kwa sababu ya hesabu hiyo.

Utetezi sitauchambua sana kwa kuwa hukuuliza, ila jizoezeni kanuni ya kumi na moja, kwa sababu ni uamuzi unaorudi kila Jumamosi. Mwenzako akiongoza kadi yake ya nne kutoka juu, toa thamani yake kutoka 11. Jibu ni idadi ya kadi zilizo juu yake katika mikono mitatu mingine. Ameongoza 6. Bubu ana K 9 3, wewe A J 8. Kumi na moja toa sita ni tano. Mbili ziko kwa bubu, tatu kwako. Mwenye kandarasi hana hata moja iliyo juu ya 6. Bubu akicheza 3, weka 8. Itashinda, na A J yako inabaki ikiusubiri ule mfalme.

Jumamosi yenyewe, badilisheni kitu kimoja: msitupe kadi katikati ya meza. Kila mtu alaze kadi yake mbele yake, wima kwa pigo lililoshinda, ubavu kwa lililopotea. Mkono ukiisha, kadi 13 za kila mtu bado ziko kwa mpangilio wake. Ukiwa na ubishi, ungali unaweza kuurudisha hadi pigo la tatu na kuuliza. Mikono miwili kwa alasiri itiwe katika bahasha za khaki, nne kwa kila mkono, zikiandikwa Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi, na nani aligawa na nani yuko hatarini. Hiyo inamaanisha pakiti za ziada, mbili kwa kila Jumamosi hadi bahasha zifunguliwe, na hapo Kisumu chukueni za plastiki: za karatasi hulainika kwa unyevu wa ziwa, pembe zinakunjika, na baada ya mwezi kila mtu anaijua A ya kopa kwa mgongo wake.

Bahasha hizo zikae wiki nne au tano, kisha zichezwe tena mkiwa mmezungusha viti, ili waliokuwa watetezi washike kandarasi. Na ile mikono sita mliyonadi kwa simu, mgawaji akiwa ametumia pakiti nzima, airudishie kadi 26 za wapinzani kwa kuchanganya na aifungie bahasha. Kwa ile ya pakiti iliyopunguzwa, kadi ndogo alizoziondoa zichanganywe na zilizobaki ndipo zigawiwe wapinzani. Siku mwenzako atakaposhuka matatu kutoka Nakuru, chezeni kwanza mikono hiyo. Mnada mtakuwa mmeshaumaliza na mmeubishania. Kitakachobaki ni kuona kama mpango ulioandikwa kwenye daftari unasimama mbele ya watetezi wawili walio macho.

Wiki hii anzeni na ukurasa wa makubaliano pekee. Kila mmoja auandike bila kumwonyesha mwenzake, kisha mtumiane picha. Pale kurasa mbili zitakapotofautiana ndipo zoezi la kwanza la mnada litakapoanzia.